Kwa Nini Cucu Hali Chakula cha Mchana

Kinoru, Meru
Jumapili, 14 Juni

Mama mpendwa,

Nimeahidi moyoni kwamba barua hii itakueleza yote. Mdogo wako, Tata Rwamba, ameniomba nipunguze mengine ili usikose usingizi, lakini nikipunguza hutajua uamue vipi, na wewe ndiye wa kuamua. Naanza na lililo jema: Cucu, mama yako, anaongea vizuri, anatembea mwenyewe hadi bombani, na leo amevicheka viatu vyangu.

Huko Kiritiri mko vipi? Goti lako limepoa, au bado unapanda kilima kwa fimbo? Ndengu mmemaliza kuvuna? Mugendi aniambie kama yule mbuzi mweupe alizaa mmoja au mapacha, kwa sababu tuliwekeana dau na sijasahau. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku mwezi huu ni kali na Tata amenipa sweta lake la kazini. Shuleni, hesabu bado inanisumbua. Historia hainisumbui.

Sasa Mama, ile fomu ambayo Tata alikutumia Jumatano, ya kumruhusu daktari amwekee Cucu mpira wa chakula puani, tafadhali usiitie sahihi kwanza. Iweke juu ya kabati hadi umalize kusoma.

Unajua kwamba tangu Cucu aingie yale makao ya wazee karibu na Githongo mwezi wa Januari, mimi na Tata humtembelea kila Jumapili. Mwanzoni alinenepa hadi akaomba nguo pana. Mwezi uliopita akaanza kupungua. Jumapili iliyopita nilimfunga mshipi wa gauni, ukamzunguka mara mbili. Wahudumu wakasema anakataa chakula. Madam Kanana, msimamizi wa makao, akasema daktari anadhani akili ya Cucu imeanza kuchoka, kwa kuwa akiulizwa kwa nini hali, hutazama sakafu tu. Ndiyo sababu fomu ikaja kwako. Mtu akionekana hawezi kujiamulia, sahihi huwa ya jamaa wa karibu aliyeandikwa siku ya kuingia, na uliyeandikwa ni wewe. Daktari anarudi Ijumaa hii.

Tata alisema, "Heri mpira kuliko kaburi." Nilimuuliza mhudumu mmoja kama Cucu hatauvuta huo mpira. Akasema wengi huuvuta, kwa hiyo hufungwa mikono kwa kitambaa laini. Neno "laini" alilisema mara mbili.

Leo tulifika kabla ya chakula cha mchana. Tata alienda ofisini, mimi nikaenda kwa Cucu. Alikuwa akivaa, nikaketi kitandani na kusoma ile karatasi ya chakula wanayoitundika miguuni pa kitanda, ambayo wahudumu hutakiwa kuijaza kila siku. Asubuhi: amemaliza. Mchana: amekataa. Jioni: amekataa. Ilikuwa hivyo juu hadi chini. Nikashangaa, kwa sababu tumbo likikataa chakula halichagui saa. Kendi, mhudumu kijana, alikuwa akitandika kitanda cha pili. Nikamuuliza asubuhi wanakulia wapi.

"Uji tunawaletea hapa kitandani," akasema. "Mchana na jioni ni ukumbini."

"Na zamani alikuwa anakula huko ukumbini?"

"Sana! Alikuwa anamaliza yake, anamalizia jirani. Mpaka paa la ukumbi wa wanaume likavuja tukawaleta kwa wanawake. Labda wanaume wanamtoa hamu." Akacheka. "Hata mimi kuna mmoja ananitoa hamu. Kila siku namgeuzia kiti kiangalie meza, kila siku anakirudisha kwa ukuta. Namwambia, mzee, ukuta haujapika!"

Nikamfuata Cucu ukumbini. Aliketi, akajifunika leso kichwani na mabegani, akainamisha uso. Kwenye meza ya mbele yake kulikuwa na mzee mrefu mwenye koti, ambaye kiharusi kimemchukua mkono mmoja na maneno yote. Alikuwa ameelekea ukutani, sahani ikiwa magotini. Kendi akaja, akamgeuza kwa upole kama mtu anayegeuza chapati. Mzee akashika kijiko hewani na kufumba macho. Wakati huohuo Cucu akaishusha leso yake hadi kidevuni. Hakuna aliyewaona pamoja ila mimi. Wahudumu humtazama kila mmoja na karatasi yake.

Hapo nikamkumbuka Baba. Cucu akija kwetu, Baba huchukua kikombe chake na kwenda kunywea chai zizini. Humsalimu kwa mbali, humuuliza habari za mvua, na Cucu hujibu akiangalia upande mwingine. Mama, miaka yote hiyo nilidhani hawapendani.

Nilibeba sahani ya Cucu, nikamshika mkono, nikampeleka nyuma ya jikoni kwenye bustani ya sukuma wiki. Alikula mukimo wote, akafuta sahani kwa kidole, akauliza kama hakuna nyingine.

"Cucu, yule mzee ni nani?" nikamuuliza.

"Mzee yupi? Mahali hapa pamejaa wazee."

"Yule anayekula akiangalia ukuta."

"Kwani siku hizi unasomea upolisi?"

"Cucu, wanataka kukutia mpira puani."

"Watie," akasema. "Kwa pua sitafungua kinywa."

Nikaona kwamba hafanyi mzaha. Nikaketi kando yake kati ya sukuma wiki. "Yule ni muthoni wangu," akasema. "Ni mkwe. Alimwoa mtoto wangu wa kwanza."

Nikamwambia mkwe wake ni Baba. Akacheka hadi leso ikaanguka. "Unadhani nilianza kuzaa na mama yako? Mama yako na huyo Tata yako ni ukoko wa chungu!" Nisamehe Mama, niliahidi kueleza yote.

Akanisimulia kwamba mtoto wake wa kwanza aliitwa Igoki. Aliolewa, na kabla mwaka haujaisha akafariki akijifungua, yeye na mtoto. Yule kijana alizika mke wake, akaja huku juu kutafuta kazi kwenye kiwanda cha kahawa, na Cucu hakumwona tena hadi paa lilipovuja.

"Ulimjuaje baada ya miaka hiyo yote?"

"Sikumjua mimi kwanza. Nilikuwa nimeinua kijiko. Yeye akaniona, akaweka sahani chini, akageuza kiti chake kwa mkono ule mzima, kidogo kidogo, mpaka akanipa mgongo. Nani mwingine hapa angenipa heshima hiyo? Ndipo nikamtazama vizuri."

"Kwa nini hukuwaambia wahudumu?"

"Niwaambie nini? Hawa wasichana wangemleta anisalimie kwa mkono, wapige na picha."

Nikamuuliza jina lake. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo mbele za watu. "Jina la mkwe halikai kinywani mwangu," akasema, na hapo mazungumzo yakaisha.

Nilienda ofisini kwa Madam Kanana. Tata alikuwa bado huko, akanikanyaga mguu nilipoanza kusema, lakini niliendelea. Madam si mtu mbaya, Mama. Alivua miwani akanisikiliza hadi mwisho.

"Mimi ni Mmeru," akasema. "Mama yangu hajawahi kuweka chakula kinywani mbele ya mume wangu. Hiyo heshima naijua. Lakini kujua si ushahidi." Akaeleza kwamba wakati mmoja mama mmoja alidai mzee fulani ni mwizi wa kijijini kwao. Madam akamhamisha mzee, na watoto wa mzee wakaja na wakili, ikaonekana siye. Tena wakaguzi waliwahi kukuta wazee wakilishwa vyumbani peke yao, wakaandika kwamba hiyo ni kuwafungia watu. Tangu siku hiyo kila mkazi hula ukumbini, isipokuwa kuwe na sababu iliyoandikwa kwenye faili na inayoweza kuthibitishwa. "Akidhoofika mikononi mwangu bila mimi kufanya kitu, sheria itaniuliza mimi. Haitakuuliza wewe."

Nikamwambia Katiba inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na bila kudhulumiwa, na kwamba kumfunga mikono mtu ambaye anaweza kula si heshima.

"Wewe ni wakili?"

"Niko kidato cha tatu."

"Umesoma vizuri. Sasa malizia hicho kifungu. Wazee wapate matunzo kutoka kwa nani?"

"Kwa jamaa zao na kwa Serikali."

"Nani ametajwa kwanza?"

Tata akatazama mkoba wake.

Nikamwomba basi atutajie jina la yule mzee. Akakataa. Alisema mambo ya mkazi mmoja hayatolewi kwa jamaa wa mwingine, na akaniuliza kama ningefurahi yeye akimsimulia mgeni habari za Cucu. Nisingefurahi. Mzee mwenyewe hawezi kusema, na Kendi anasema kuandika hakufundishwa. Watoto wake, kama wapo, ni wa mke aliyemwoa baadaye, na yale ya kabla ya mama yao huenda hawayajui.

Kwa hiyo Mama, mambo yamesimama hivi. Cucu anajua jina lakini hawezi kulitaja. Madam analo jina lakini haruhusiwi kulitaja. Anataka barua kutoka kwako, ya mkono wako, yenye sahihi na nambari ya kitambulisho, ikitaja jina la mume wa Igoki na mahali alikotoka, ndani ya bahasha iliyofungwa. Ataifungua mwenyewe na kulinganisha na daftari lake. Jina likifanana, ataandika sababu kwenye faili ya Cucu na kumwonyesha daktari. Cucu atakula barazani pamoja na mama wawili ambao nao hawapendi kelele za ukumbini, ili asiwe mpweke, na mzee ataachwa na ukuta wake bila kusumbuliwa. Jina lisipofanana, au barua isipofika kabla ya Ijumaa, daktari ataitaka ile fomu ikiwa na sahihi yako. Kwa sasa Madam amekubali apewe uji chumbani jioni pia, kama mgonjwa. Alisema zaidi ya hapo hawezi, na namwamini, ingawa uji peke yake hautamrudishia mwili.

Kabla hatujatoka alikuja kwa Cucu, akachuchumaa mbele yake na kumuuliza kama anaruhusu jambo hili liandikwe. Sijawahi kuona mtu mwenye ofisi akichuchumaa. Cucu akafikiri, kisha akasema, "Amwandikie mama yake. Si mwingine." Madam akasema mtu aliyejibu hivyo akili yake haijachoka, na kwamba hilo nalo atamwambia daktari.

Ndiyo sababu sikukupigia simu. Wewe huipokea kwa spika, na Baba huwa hapo karibu, na mambo ya mkwe mmoja hayafai kupigiwa kelele masikioni mwa mkwe mwingine. Barua hii nitaiacha kesho asubuhi, kabla ya shule, kwenye ofisi ya magari ya Embu. Itafika Jumanne kwa yule mama muuza mbegu anayepokea mizigo hapo Kiritiri. Yako ukiituma Jumatano, nitaichukua Alhamisi nikitoka shuleni, na Tata atanipeleka Githongo siku hiyohiyo.

Jambo moja zaidi nililofanya bila kumwambia Tata. Tulipokuwa tukiondoka, yule mzee alikuwa ameketi juani kwenye benchi. Nilimsalimu kwa mikono miwili, kwa sababu nikihesabu vizuri yeye ni mume wa mama yangu mkubwa, hata kama sikumjua huyo mama. Nikamwambia, "Mzee, Cucu amekula leo." Sikusema zaidi. Alifumba macho akaitikia kwa kichwa, na mkono wangu hakuuachilia hadi Tata aliponiita.

Msalimu Baba. Msalimu Mugendi, na umwambie akikohoa asilale na dirisha wazi. Msalimu Mjomba Njagi wa mizinga ya nyuki, na jirani yetu mama wa kwaya, ambaye bado nina leso yake. Tata anakusalimu, na amesema ile fomu alikutumia kwa kuogopa, si kwa kutojali.

Ni mimi bintiyo,
Wawira

Mama, Tata hajui lolote. Anasema jina hilo halikuwahi kutajwa nyumbani kwenu, naye alizaliwa Igoki amekwisha zikwa. Ikiwa nawe hukulisikia, nenda kwa Mjomba Njagi jioni hiyohiyo utakayopata barua hii, kwa sababu ndiye aliyekuwa akichunga mbuzi wakati huo, na mbuzi wa mahari walioletwa kwa ajili ya Igoki ni yeye aliyewapokea. Mume wa dada yako aliitwa nani?