Bati Juu ya Bati

Nachingwea, 22 Novemba 1999

Kaka Eustakio,

Shikamoo. Wifi Eva kifua kimepoa? Sisi tunapumua, na hilo ndilo la kushukuru. Upepo wa juzi umeezua mtaa wetu wote. Mimi na watoto tunalala darasani pamoja na majirani, na shule ikifunguliwa Januari tutatolewa.

Kuna huyu Bwana Yunusi, yule mwenye duka la misumari inayopinda kabla hujaigonga. Amepita na kipaza sauti, anatangaza kwamba kila bati litakaloletwa na ndugu wa walioezuliwa, yeye ataongeza moja. Namjua huyo. Ametangaza kwa sababu anaamini ndugu zetu hawana kitu. Nakuomba kaka, lete chochote.

Mdogo wako,
Dionisia

Mbekenyera, 29 Novemba 1999

Dionisia,

Marahaba. Wifi yako anakohoa vilevile, mikorosho imezaa, mimi mzima.

Nilikwambia nini ulipohamia huko? Watu wa mjini mnanunua mchicha! Mtu mzima na akili zake anatoa hela anunue mchicha, halafu upepo ukimgusa kidogo ndiyo anakumbuka ana kaka porini. Na huyo Yunusi wako, mtu wa kusubiri mwenzake atoe ndipo naye atoe, huyo ana huruma gani? Si aweke tu, yaishe!

Nimempa dereva wa lori la korosho bati moja, la banda la mbuzi. Linawatosha.

Kaka yako,
Eustakio

Nachingwea, 4 Desemba 1999

Kaka,

Shikamoo, na habari za mvua? Bati limefika, linanuka mbuzi. Ahsante.

Bwana Yunusi alilitandaza uwanjani mbele ya watu, akauliza limetoka kwa nani. Nikataja jina lako lote. Akachukua bati jipya linang'aa, akaliweka juu ya lako. Watu wakampigia makofi, na wengine wakacheka. Nimeona nikuarifu tu.

Mdogo wako,
Dionisia

Mbekenyera, 8 Desemba 1999

Dionisia,

Amejiweka juu yangu? Mimi? Mbele za watu?

Umesahau unyago wa binti yako Catherine? Jirani yangu Shehe alipomtunza mwali kanga, akaiweka juu ya kanga yangu, nilifanyaje? Niliweka kitenge. Akaleta blanketi. Nikamfungua mbuzi, na Shehe hajaongea tena ngomani mpaka leo. Sasa muuza misumari mibovu aniwekee bati juu ya bati, nikae kimya? Kwetu huku ukiwekewa juu usijibu, watoto watakuzomea mpaka uzeeni.

Nimeezua sebule yote. Aweke juu ya mabati hayo, nimwone!

Kaka yako,
Eustakio

Sikukusalimia. Wifi yako hajambo, ila hasemi na mimi.

Nachingwea, 13 Desemba 1999

Kaka yangu,

Shikamoo. Ameweka. Aliweka huku jasho linamtoka, maana alishatangaza na watu walikuwa wanamtazama. Nyumba yangu imeezekwa, na ya Mama Hajra, na ya mzee Nuhu ambaye hana ndugu hata mmoja wa kumletea.

Sasa basi, kaka. Nilikuchokoza, nakiri, lakini sikujua utabomoa nyumba! Yunusi hashindani nawe. Ndivyo alivyoahidi, ukitoa moja naye anatoa moja. Si ngoma hii.

Dionisia

Mbekenyera, 19 Desemba 1999

Dionisia,

Si ngoma? Mtu anakuja na kipaza sauti, anaita watu, anapigiwa makofi, unaniambia si ngoma! Ahadi gani ya kumpanda mwenzako kichwani? Mjini mmesahau hata kutukanwa kunafananaje.

Nimeezua vyumba na jiko, mabati yote nimeyapakia lorini. Wifi yako amehamia kwa dada yake Nkowe, na amenitukana kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Nimeezeka nyasi na zinavuja. Karatasi imelowa kwa mvua, usije ukadhani nalia. Niandikie neno moja tu: ameshindwa?

Kaka yako,
Eustakio

Nachingwea, 4 Januari 2000

Kaka,

Shikamoo, na pole sana ya kulowa. Sisi wazima.

Ameshindwa. Lori lako la pili liliposhusha mzigo, aliongeza mabati mpaka duka likabaki na misumari yake mibovu. Kesho yake akafunga, wanasema kaenda Lindi kutazama mgonjwa. Furahi leo, kaka, maana Jumamosi furaha itakwisha.

Mtaa wote umeezekwa, na ufunguo wa darasa tumerudisha. Mabati yako ya lori hilo la pili yamebaki. Jana watu wa mjini, hao hao unaowadharau, walikutana kwangu. Mama Hajra akasema kutunzwa bila kujibu ni aibu. Kwa hiyo Jumamosi tunakuletea mabati yako, na juu yake kila nyumba imeweka jipya moja. Mzee Nuhu atapanda mwenyewe kukuezekea. Wifi Eva tutampitia Nkowe, amekubali.

Usithubutu kufunga mlango. Ukikataa, tutayapanga uani mbele ya majirani zako, na Shehe tumeshampelekea habari aje kutazama. Tutapiga makofi, tuondoke. Huna cha kuweka juu, kaka. Umetoa vyote.

Mboga usihangaike. Tunakuja na mchicha, na tumeununua.

Mdogo wako,
Dionisia