Mkebe Ulipita Mara Mbili

Harrow, Ijumaa asubuhi, mwezi wa Novemba. Mwaka wangu wa arobaini na moja nje ya Bukoba. Mwezi wa saba tangu uondoke.

Kaka Hendrik,

Shikamoo. Naiandika nikijua hakuna wa kuniitikia. Ulikuwa ukisema "Marahaba!" kwa sauti ya kutikisa vikombe, na wenzako wa Klabu ya Waholanzi wakigeuka kuangalia kama kuna ugomvi. Hapa London sijui mwingine aliyenizidi umri na anayeijua salamu hiyo. Sasa mimi ndiye ninayeamkiwa tu, na inachosha kuwa mkubwa wa kila mtu.

Nimechoka, kaka. Siumwi, magoti ni yale yale. Deo, mpwa wangu, amekwisha kuezeka nyumba kule nyumbani. Chumba changu kinatazama migomba. Kila Jumapili anapiga simu: "Mjomba, unangoja nini huko? Rudi upumzike." Ulipokuwa hai nilikuwa na jibu: Alhamisi nina Klabu. Baada ya mazishi yako sikwenda tena. Sikuwahi kuwa mwanachama. Mgeni huingia na mwenyeji wake, na mwenyeji wangu ulikuwa wewe. Basi nilimwambia Deo nitampa jibu baada ya siku yako ya kuzaliwa, ambayo mwaka huu imeangukia Alhamisi. Nilijisemea nitakwenda mara moja, niwaage, halafu ninunue tiketi.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka? Tulikuwa tumefahamiana wiki chache tu, tangu uliponisikia nikibishana kwenye simu pale hospitalini, kwenye foleni ya dawa. Ukaniuliza, kwa Kiswahili chako cha Shinyanga ulikochimba visima ujanani, kama mimi ni Mhaya, maana nabishana kama mtu anayetoa mhadhara. Ile Alhamisi ilikuwa siku yako ya kuzaliwa, na hukuniambia. Nikakuta viti vimepangwa duara kama kwenye kikao cha posa. Bi Marijke, katibu wenu, akanishika mkono akanipa hongera. Halafu mumewe. Halafu yule mzee mwenye fimbo. Nikadhani wananidhania mimi ndiye mwenye sherehe, nikawashukuru, nikawatajia na umri wangu. Ulicheka mpaka ukavua miwani. Ndipo ukanieleza kwamba kwenu mtu akitimiza mwaka, wanapongezwa wote walio wake: mke, watoto, hata jirani. "Umekuja nami, kwa hiyo wewe ni wangu. Pokea hongera, bwana, usitutolee mhadhara."

Kisha ukapita mkebe wa biskuti. Kila mtu moja, na mfuniko ukafungwa, pa! Mimi niliyelelewa mahali ambapo mgeni hulishwa mpaka aombe huruma, nikabaki nautazama. "Usiuangalie hivyo," ukaninong'oneza, "utauaibisha." Na yule samaki mbichi wa vitunguu! Nilikwambia kwetu samaki hupikwa. Ukajibu, "Kwenu mna kuni."

Nimewaza sana kuhusu kazi ya mahali pale. Sisi Watanzania wa hapa hukutana kukiwa na jambo: msiba, harusi, mchango. Ninyi mlikutana bila jambo lolote, kila Alhamisi, mkacheza karata na kuulalamikia mkate wa Kiingereza. Mwanzoni niliona ni upuuzi. Baadaye nilielewa. Wiki nzima mtu akifungua mdomo anaulizwa ametoka wapi, Alhamisi haulizwi. Hata mimi sikuulizwa, ingawa pale ndani mimi ndiye ningestahili kuulizwa. Sasa wamebaki wachache. Jengo la zamani limekwenda, wamekodi ukumbi nyuma ya kanisa, wenye hita inayokoroma. Vijana wao wana simu, hawana haja na Alhamisi.

Jana nilikwenda. Nilisimama mlangoni, kofia mkononi. Wakaacha karata. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuaga, Kiingereza kizuri kabisa, njia nzima kwenye treni nikiyarudia. Hayakutoka. Bi Marijke akainuka polepole, nyonga yake ni ile ile uliyoiacha. Nilijua atanipa pole. Pole nimepewa nyingi, nimezizoea.

Akanishika mkono. "Hongera kwa Hendrik," akasema, kwa Kiholanzi.

Halafu mzee mwenye fimbo. Halafu wengine, mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Safari hii sikumtajia mtu umri wangu.

Nilikaa kwenye kiti chako. Nilishindwa karata vibaya, ungeona aibu. Na mkebe, Hendrik, mkebe ulipita mara mbili. Nakuapia. Bi Marijke alibaki na mfuniko mkononi kana kwamba amesahau kazi yake.

Leo asubuhi nimempigia Deo, sikungoja Jumapili. Nilimsimulia ya jana, akauliza, "Mjomba, hao Wazungu ni nani kwako?" Nikamwambia ni watu wa kaka yangu. Hakuridhika, na simlaumu. Ameezeka kwa jasho. Nimemwomba chumba kile ampe mama yake. Dada yangu anapenda kuamka na migomba machoni.

Pumzika, kaka. Mwakani siku yako haitaangukia Alhamisi, lakini nitawakusanya wote waliobaki, tukae duara, na biskuti nitanunua mimi. Nitampa kila mmoja mkono na hongera zake, hata kama tutakuwa wawili tu, mimi na Bi Marijke. Nimeichukua fomu ya uanachama. Kumbe haina hata swali la mtu ametoka wapi.

Bukoba nitaiona kwenye simu ya Deo. Sitarudi.