Neno Moja Alilobakiwa Nalo Mama

Nyumbani, chumbani kwa mama
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zetu sote, wa nyumba hii na wa nyumba ya pili. Unaendeleaje na kile kikohozi? Kimekuacha, au bado mnalala nacho kitanda kimoja? Wifi yangu hajambo? Na binti yako aliyekuwa anang'oka meno ya mbele, ameshaota mapya au bado anacheka kama mzee?

Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yananiasi waziwazi. Sauti bado ninayo. Gazetini kila nikipeleka makala wananiomba nipunguze makali, na kila wakiniomba naongeza. Kaka yako Fundi anatengeneza majokofu ya mtaa mzima, la kwetu halipozi hata maji.

Nimekuandikia kwa sababu simu haitufai mimi na wewe. Mimi napaza sauti, wewe unasema mtandao unasumbua, kisha unakata. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Kitinda, kaa chini.

Wiki ile mama aliporudi kutoka hospitali ulipiga simu, nikamwekea sikioni. Ukamuuliza, "Mama, unaendeleaje?" Akakujibu, "Naisi." Nilikusikia ukicheka mpaka ukakohoa. "Mwalimu wetu! Kiharusi kimempiga na bado anateremsha Kiingereza!" Ukawatangazia ndugu wote kwamba mama anaendelea vizuri. Kisha ukaahirisha safari hadi mwakani.

Mama haendelei vizuri. Ile "naisi" haikuwa jibu. Ndilo neno pekee alilobakiwa nalo.

Mwanzoni hata sisi hatukujua. Mtaalamu wa matamshi ndiye aliyetueleza: akili yake ni timamu, anatufahamu, anasikia kila tunalosema, ila njia ya maneno imefungwa. Akitaka kusema maji, linatoka "naisi". Akitaka kusema niacheni, "naisi". Kiswahili chote alichotulea nacho hakipiti tena mdomoni. Kwa nini limebaki hilo, mtaalamu hajui, nami nimesoma vitabu vyote nilivyoweza kuvipata, navyo havijui.

Na ujue ni neno gani limebaki! Lile nice alilolipiga vita tangu tukiwa watoto! Nadhani hujasahau darasa lake. Aliyeliandika kwenye insha alisimama mpaka wenzake wamtafutie la kuweka mahali pake. Alituambia ni neno la wavivu, kapu ambalo kila mtu anatupia asichotaka kukitazama vizuri. Chakula si nice, ni kitamu, au kina chumvi ya kutosha, au kimeiva. Mtu si nice, ni mkarimu, au mcheshi, au mnyenyekevu, na hao ni watu watatu tofauti. Akatueleza kwamba zamani sana huko kwa Waingereza lilimaanisha mjinga, halafu likawa la mtu anayechagua mno vitu, halafu likawa la jambo dogo linalohitaji jicho kali kulitofautisha na jingine, na mwishowe likachoka likawa la kila kitu. Wewe uliandika kwamba mama yako ni nice. Akakusimamisha mbele ya wote. "Mama yako ni nini hasa? Mkali? Mpole? Mchoyo wa sukari? Sema!" Ukasema mchoyo wa sukari. Darasa zima lilianguka kwa kicheko, naye akakupa alama kamili.

Sasa sikiliza tulivyomfanyia mwanamke huyo. Shemeji yako, mke wa Fundi, alikuwa anamlisha uji. "Mama, si wa moto?" "Naisi." Basi akaendelea, kijiko baada ya kijiko, na sote tumesimama pale tukifurahi kwamba leo anakula. Shangazi ndiye aliyeona machozi yanatiririka kwenye shavu lile linalosikia. Ulimi ulikuwa umeungua. Shemeji yako alilia siku hiyo kuliko mgonjwa mwenyewe, na mpaka leo huonja uji kwanza kabla ya kumpa.

Kisha akaja daktari. Akauinua mkono wa kulia, ule uliopooza, akabonyeza bega. "Mama, hapa panauma?" "Naisi," akasema mama, huku jicho limemtoka. Daktari akaushusha mkono. "Vizuri. Hana maumivu."

"Daktari," nikasema, "umemtazama usoni?"

"Dada, mgonjwa mwenyewe amesema."

"Amesema nini?"

"Amesema yuko nice."

"Basi kuna mtu mmoja nice humu chumbani, tena kwa maana ya kwanza kabisa, na si mama yangu!"

Hakuelewa, bahati yake. Shangazi alinivuta mkono wa gauni mpaka ukafumuka. Lakini bega lilipigwa picha, na lilikuwa limeteguka. Mama alikuwa amelala nalo hivyo, anageuzwa, anaogeshwa, anavalishwa, na kila tukimuuliza anatujibu, nasi tunaandika afadhali.

Hilo ndilo linaloniua, Kitinda. Nimepigana na mawaziri, maaskofu na wahariri wangu wenyewe, na silaha yangu siku zote ni kumshika mtu kwa alichosema. Ulisema hivi, mbona unafanya vile? Huku kwa mama silaha hiyo imegeuka takataka. Wageni wanakuja, wanamuuliza hali, anawaambia "naisi", wanaondoka wameridhika, wanamsifu Mungu kabla hawajafika getini. Natamani kuwarudisha kwa fimbo. Hawana kosa. Wamechukua kinachobebeka kirahisi, kama wewe ulivyochukua.

Sasa tumejifunza. Tumeacha kusikiliza neno, tunasikiliza pumzi. "Naisi" fupi, ya kukatwa, ni maji. Ya kuvutwa kooni ni bega. Ile inayorudiwa haraka haraka ni choo, na hapo hakuna muda wa kufanya utafiti. Shangazi akianza kusimulia habari za majirani, kuna "naisi" moja kavu ambayo hata Shangazi mwenyewe ameshaielewa. "Haya, ninyamaze basi," anasema. "Mwalimu wewe, hata kiharusi hakikukuondolea dharau!" Na mama anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Lakini ipo moja iliyotutesa muda mrefu. Huja jioni, mtu akigusa geti. Mama hugeuza shingo yote kuelekea mlangoni na kusema "naisi?" kwa sauti ya juu, ya kuuliza. Tulifunga mlango, tukaufungua. Tukawasha taa, tukaizima. Tukamletea maji, akayasukuma. Fundi akiingia, mama anamtazama, anamgusa shati, kisha anafumba macho. Nikiingia mimi, vivyo hivyo. Anatupenda, usinielewe vibaya. Ila akishaona ni nani, swali lake linabaki palepale.

Mama ana watoto watatu. Wawili tuko naye kila siku.

Daktari mwingine, huyu ana masikio, ametuambia kiharusi cha pili kikija kinaweza kuchukua hata hilo neno lililobaki, na mengine zaidi ya neno. Hakusema lini. Mimi nakuambia: mwakani ni mbali. Sikugombezi. Zamani ningekugombeza, ningekupangia hoja moja baada ya nyingine mpaka usipate pa kutokea. Leo sina hoja. Nakuomba tu, mdogo wangu. Njoo.

Fundi anakusalimu, anasema atakupokea hata ukifika usiku wa manane. Shemeji yako anakusalimu sana. Shangazi anauliza kama bado unakula vizuri, na anakataa kuamini jibu lolote. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na mwambie wifi ninamwombea nguvu za kubaki peke yake utakapokuwa huku.

Mwenyezi Mungu akunyooshee njia, aizuie siku mbaya isitangulie kabla yako.

Jambo moja la mwisho. Ukifika usimuulize anaendeleaje. Atakujibu, na moyo wako utataka kumwamini. Mshike mkono wa kushoto, ndio wenye uhai, ukae.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokufokea,

Pilipili