Mgonjwa Halipi

Gerejini, 4 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, ila mgongo wangu unalalamika, na sababu yake ndiyo iliyonishikisha kalamu. Wewe na tanuri lako la mikate bado mnaelewana?

Teksi ya Babu imefika! Imevutwa kwa kamba mpaka hapa, mtaa mzima ukiishangilia kama bibi harusi. Nilipoambiwa marehemu ameniachia mimi, mpiga rangi, badala ya wajukuu wenzangu wenye digrii zao, nilijua anachotaka. Nitaikwangua yote mpaka bati, niinyooshe, kisha niipige rangi ya maziwa inayong'aa hata nzi ateleze. Viti vipya, taa mpya. Mwezi wa saba kuna maonyesho ya magari ya kale. Watatukoma!

Nimeshaanza na mlango wa kushoto.

Mwanao, mpiga rangi

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Afya ipo, tanuri linawaka, na huo weupe kwenye karatasi ni unga. Sikungoja hata kunawa.

Weka msasa chini! Mlango wa kushoto una maneno: MGONJWA HALIPI. Najua yamepinda, na herufi ya mwisho imebanwa pembeni kama abiria wa sita. Lakini kwa maneno yale babu yako aliwapeleka watu hospitali miaka thelathini na moja bila kupokea hata senti. Mama yangu alinuna mwanzoni, baadaye naye akawa anawafungia chai ya njiani.

Gari lile si sufuria, useme ulisugue ling'ae. Ukilikwangua lote utabaki na bati, na bati limejaa madukani. Liache kama lilivyo, na kutu yake. Wala usinibishie.

Shangazi yako

24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi.

Ya kwako ilinikuta mlango umeshakuwa mtupu. Maneno niliyaona, sikatai. Nilidhani ni tangazo la zamani tu. Mimi nilizaliwa Babu ameshaacha kuendesha, na hakuna aliyewahi kunisimulia. Nisamehe.

Lakini nikuambie na hili, hata likiuma. Jana nilinyanyua zulia la mbele, mguu ukapita mpaka chini. Sakafu imeliwa na kutu. Ukikaa unaiona lami. Tukiliacha kama lilivyo, mvua za msimu mmoja tu zitatuachia vumbi la kuhifadhi. Unataka nifanye nini? Nimesimamisha kazi mpaka unijibu.

Mwanao

2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Miezi miwili na siku zake sijapata hata salamu. Kama unaumwa, niambie nije. Kama umenuna, basi nuna kwa maandishi, nijue.

Leo amepita mzee mmoja fundi viatu, anatembea kwa fimbo. Alipoliona gari akasimama katikati ya barabara, madereva wakampigia honi. "Hii si Mgonjwa Halipi hii?" Akalizunguka mpaka kushoto. "Mbona maneno hayapo?" Nikajifanya natafuta spana chini ya boneti. Nilitamani boneti linifunike.

Hakunikemea. Akanisimulia kwamba alivunjika paja akiwa kijana, Babu akamlaza kiti cha nyuma, na njia nzima akamwimbia kwa sauti mbaya mno, hadi yeye akasahau paja akaanza kumsihi dereva anyamaze. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Linatembea?"

Nimekaa nikaliwaza swali hilo, kisha nikawasha mashine ya kuchomelea. Sakafu mpya imeingia, bila ruhusa yako. Injini imekohoa, imepiga chafya, imekubali. Viti sijavigusa. Mlango bado mtupu. Nina mkono mzuri, Shangazi. Ukinieleza herufi zilivyokaa naweza kuziiga asijue hata aliyeziandika. Lakini si itakuwa kughushi sahihi ya marehemu?

Binti yako

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba ile nyingine niliyokunyima. Siumwi. Wiki tatu nilikuwa na hasira, zilizobaki nilikuwa na aibu, na aibu haijui barua ianzie wapi.

Maneno uliyoyafuta hayakuwa ya babu yako. Ya kwake yalinyooka kama rula, yakaliwa na jua nilipokuwa na miaka kumi na minne. Akanipa brashi: "Andika wewe." Herufi iliyobanwa ni yangu mimi. Nililia nikiharibu. Akarudi nyuma hatua tatu, akakunja macho, akasema, "Inasomeka. Ingia twende."

Kwa hiyo niliyekuwa namtetea si baba yangu, ni mimi mwenyewe wa zamani. Usiige cha mtu. Andika kwa mkono wako. Sakafu umefanya vyema. Ila viti ukivigusa nakuja na mti wa kusukumia unga.

Shangazi yako

20 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mkate uliotuma umefika mzima, haukumaliza nusu saa.

Maonyesho yalikuwa juzi. Hatukwenda. Fundi viatu aliniletea habari za mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, magoti yamemfungia ndani miaka miwili, na miadi yake ya hospitali ilikuwa siku hiyo hiyo. Nilisikitika, sikufichi, rangi nilikuwa nimeisugua hadi naona meno yangu. Kisha nikasoma mlango nilioandika mwenyewe, nikaona aibu ya pili sitaiweza.

Tulimbeba mimi na bintiye, tukamketisha mbele. Binti akabaki kupika. Hospitali tulimaliza mapema, na daktari kaona nafuu. Nikawa nageuza kurudi, mwalimu akanigusa bega: "Pale kushoto." Tukapita shule aliyofundisha. "Sasa kulia." Tukapita sokoni, akawapungia mkono watu wote, hata wasiomjua. Kisha mtoni. Kisha sokoni tena.

Tuliporudi binti yake alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, chakula kimepoa. Mwalimu akashusha kioo.

"Usimgombeze dereva," akasema. "Nimemtuma mimi. Na Jumamosi ijayo nitaumwa tena."

Mwanao, dereva