Magauni ya Mama ya Kwenda Kisiwani

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Pilipili,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko ng'ambo? Shemeji hajambo? Kile kidole ulichokiunguza kwenye jiko la hotelini kimepona, au unakipuuza kama kawaida yako? Na mapacha je, wameacha kung'atana? Wabusu kwa niaba yangu, kila mmoja peke yake ili wasigombane. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na utanisamehe kwa barua hii.

Picha zilifika. Ile mliyokaa mchangani na nyuma yenu maji ya kijani kibichi, Mama ameibandika kwenye kioo cha kabati la vyombo. Kila anayeingia huvutwa mkono akaitazame. Fundi viatu wa hapa jirani ameonyeshwa mpaka amechoka, siku hizi akimwona Mama tu huanza mwenyewe, "Ndiyo, ndiyo, nimeshawaona wajukuu wa Karibea." Ndiye aliyemtengenezea ndala za ngozi za kutembelea ufukweni. Mama akawa anashinda nazo humu ndani, eti anaizoesha miguu.

Unajua mwenyewe ilivyo. Tangu uolewe huko hajakutia machoni, na mapacha hajawahi kuwapakata, nao wameshaanza shule. Kila mwaka hutokea la kutokea. Ulipoandika kwamba safari hii tuje sisi, tukae kwenu likizo nzima, nyumba ilichangamka. Mama akajifanya mwenyekiti wa safari. Akataka kujua miezi ya vimbunga kisiwani kwenu inaisha lini, maji ya bahari ni ya baridi au ya vuguvugu, na kama mkwe wake anakoroma, maana umesema vyumba vinapakana. Mimi nikapewa amri ya kushona: gauni la kila siku ya wiki, na jingine refu la kuingilia baharini, kwa sababu vile vijitambaa vyenu yeye havivai ng'o.

Sasa nisikilize. Katika nyumba hii nguo za Mama hazipimwi, unajua. Ile karatasi ya kukatia aliyoichora marehemu Baba, inayoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, ndiyo ninayoitumia miaka yote. Mama husema ni utovu wa adabu kumzungushia futi mtu aliyekuzaa. Basi nikaitandaza karatasi juu ya kitambaa, nikapiga chaki, nikakata magauni yote kwa mkupuo, nikashona, nikapiga pasi. Mimi huyu, nisiyemkatia mteja hata mfuko wa shati bila kupima!

Alipovaa la kwanza akasimama mbele ya kioo, nilidhani nimechanganya vitambaa. Mabega yalimporomoka mpaka kwenye mikono. Kiunoni angeweza kuingia mtu mwingine. Nikalivua, nikalilaza juu ya karatasi ya Baba, mshono kwa mshono. Sikuwa nimekosea hata kidogo. Kumbe yale masweta aliyokuwa akivaa moja juu ya jingine hayakuwa ya baridi. Nashinda nikipima miili ya watu, mwili wa mama yangu nimeuona kwenye kitambaa! Nikachukua futi, nikampima kwa lazima, na yeye akanyamaza. Mama yetu, Pilipili, kunyamaza! Hapo nikajua kwamba anajua.

Nilimpeleka hospitali amenuna njia nzima. Wakampima, wakarudia kumpima. Ni uvimbe tumboni, na umeshasambaa. Daktari ni kijana mpole, alizungumza nami ukumbini huku akiitazama kalamu yake. Alisema kupasua hakutasaidia, habari ya ndege tuisahau, na kama kuna ndugu walio mbali waambiwe mapema. Hakusema muda, na mimi sikuthubutu kuuliza. Niliingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikatoka.

Njiani Mama alinunua ndizi, akabishana na muuzaji mpaka akaongezewa. Tulipofika aliyachukua magauni yote akanirundikia mezani, akaniambia niyapunguze, ila kitambaa kinachozidi nisikikate. Nikikunjie ndani, kwa sababu akifika kwako na mapishi yako ya hoteli atanenepa tu. Nikafanya hivyo. Nilishona machozi yakinidondoka kwenye mkono, na yeye amekaa pale pale ananikosoa pindo. Juzi ameniletea tena niyapunguze. Sijui alikuwa anajidanganya, au ananionea huruma.

Leo asubuhi ndipo alipokata shauri mwenyewe. Nimemkuta amevua zile ndala, anazifunga kwenye gazeti. Akaziweka juu ya kabati, akaniita, akaniambia nichukue kalamu. Nikuandikie kwamba kazi zimenielemea, maharusi wamekuwa wengi, kwa hiyo safari tumeisogeza mpaka mwaka ujao na lawama ni zangu. Hospitali nisiitaje. Anasema ukisikia utaacha kazi yako, utakuja mbio kumlilia, na yeye kilio hakitaki.

Haya, ujumbe wake umeupata. Na ninavyokuandikia yuko hapa hapa mbele yangu, kwenye kiti cha wateja, blanketi magotini, ananitazama. Miwani yake nimeificha kwenye droo ya vifungo na maandishi yangu unayajua, bila miwani hayasomi. Sasa hivi ameuliza mbona barua ya uongo mdogo inakuwa ndefu namna hii. Nimemwambia uongo ndio unaohitaji maelezo. Amecheka, mdogo wangu, halafu akashika tumbo, na kicheko kikakatikia hapo. Nimechoka. Naogopa, nakwambia ukweli, na hapa sina wa kunituliza.

Shangazi anakusalimu, yeye nimemweleza yote, hulia kila akija mpaka namwomba asije. Fundi viatu naye anakusalimu, huyo hajui kitu na bado anauliza tunaondoka lini. Msalimie sana shemeji, mwambie simlaumu kwa kukupeleka mbali. Mungu awafunike nyote, na awapitishe salama juu ya maji hayo yote.

Mama naye anakusalimu. Anasema tena, na kwa mkazo, usije, usihangaike, yeye mwenyewe atakuja mwakani.

Njoo, Pilipili. Njoo na mapacha, awapakate wangali wanatosha magotini mwake.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja,

Fundi.