Mpeasi wa Kumi na Mbili

Lushoto, mwezi wa saba

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Usiiamini picha ya mbele ya kadi hii ilivyo kijani. Huku ni ukungu tu, na hapa naandika nimevaa makoti mawili.

Jana nilifika shambani nikakuta mipeasi yangu yote kumi na miwili haina jani hata moja. Majani mekundu na ya manjano yametapakaa chini. Miaka mitatu ya jasho la kuuza mitumba, nikasema, imekauka hivihivi! Huko kwetu Korogwe mti hupukutika kwa jua na kiu, basi nikajua Mama Zaina, anayenitunzia shamba, hakumwagilia. Mimi huja mwezi wa tatu tu, wa saba sijawahi. Nikachukua shoka nikaangusha mmoja, angalau nipate kuni.

Mama Zaina akapanda mbio kutoka bondeni. "We mwanamke! Aliyelala usimwamshe, sembuse kumkata!" Akakwangua gome la mti wa pili kwa ukucha, ndani kijani kibichi. "Huku majani huangushwa na baridi. Joto likirudi yanachipua. Kwani nyie Korogwe mkilala hamvui nguo?"

Nikamwomba radhi. Akanipa chai ya tangawizi, huku akinicheka.

Najua ulinionya kwamba watu wa mlimani wataniharibia shamba. Hesabu ni hii, dada: wao wamenitunzia kumi na miwili, mimi nimebakiza kumi na mmoja.

Kaka asijue, atanicheka mpaka Idi. Wabusu wanao. Mapeasi ya kwanza ni yako.

Mdogo wako,
Saumu