Baba Mkwe na Mbwa Wanakula Sahani Moja

Mpendwa mshauri, nishike mkono kabla sijamkosea mtu mzima. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na tangu mama mkwe afariki tunaishi na baba mkwe, mzee mpole asiyeongea na yeyote ila mbwa wetu, na kila nikikaanga kuku au viazi anakula nusu, nusu anaipitisha chini ya meza, ngozi inayochuruzika mafuta, mifupa juu yake, nami nikanyamaza kwa kuwa angalau mzee anatabasamu. Wiki iliyopita mbwa akaanza kutapika, mgongo umepinda, tumbo halishikiki, tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo, naye akasema kongosho imevimba kwa mafuta, akirudia vya kukaanga tutampoteza. Amerudi mnyonge, na jana nilimwona mzee akimpa tena paja la kuku. Nikamwambia mume wangu, akajibu baba ana majonzi, tumwache. Nikajikaza nikamwomba mzee mwenyewe, naye akanijibu taratibu, "Mwanangu, huyu ndiye pekee ninayekula naye." Nikarudi kwenye cherehani. Sasa sindano inanichoma vidole, kila mara nainuka kuchungulia sebuleni, mbwa akikohoa roho inaruka, mzee akishika sahani roho inaruka, nikimnyang'anya nitaitwa mkwe asiye na adabu, nikinyamaza nitamzika mbwa na pengine mzee atamfuata. Nifanyeje?

*Mshauri anajibu:*

Pole, dada. Lakini ni heshima gani hiyo, kumwacha mzee amuue rafiki yake kwa mkono wake mwenyewe, kisha abaki na msiba na majuto? Na mumeo asijifiche nyuma ya majonzi ya baba yake. Leo hii yeye, si wewe, ampeleke mzee na mbwa kwa daktari, mzee ayasikie kwa masikio yake. Maneno ya daktari hayana ukwe.

Muulizeni daktari chakula kinachomfaa mgonjwa, halafu kazi ya kukichemsha, bila mafuta, chumvi wala kitunguu, mwachieni mzee. Mpe sufuria yake. Wale pamoja, kila mmoja na chombo chake. Mifupa ya kuku itupwe mbali, na mbwa akitapika tena msibahatishe dawa, mkimbizeni.

Ila neno la mzee hukulisikia vizuri. Hakuwa anatetea kuku. Amekwambia hana wa kula naye, nawe ukarudi kwenye cherehani. Zima mashine, vuta kiti, ule naye.